Kusoma si kugusa: mtufungulie kode ya mashine za kura

Ndugu raia wa Mangina, Beni na Butembo,

Hapa kwetu kila mtu anajua mizani ya kakao. Msimu uliopita walimaji walilalamika: gunia linapimwa mbele ya macho yao, lakini kwenye risiti kilo zinapungua. Mnunuzi akajibu si yeye, ni kompyuta. Na kompyuta, nani ataiuliza?

Tuliiuliza sisi. Tulikuwa vijana 4, wote na diploma, wote bila kazi. Mnunuzi aliogopa: "Mutaniharibia programu." Tukamwambia hatutaki kugusa, tunataka kusoma tu. Akakubali kutupa kopi ya kode, ndiyo maandishi ambayo kompyuta inafuata. Kwanza tukaitolea namba ya alama: namba ndefu inayotokana na faili lenyewe, na herufi moja ikibadilika, namba nzima inabadilika. Tukaiandika kwa karatasi, naye akasaini. Kopi tukaifunga isiweze kuandikwa. Kisha tukaita msaidizi wa akili bandia, tukamruhusu kusoma mafaili, hapana kubadilisha kitu.

Swali letu lilikuwa moja: uzito unapitia wapi mpaka kufika kwenye risiti? Akatupangia njia, faili kwa faili. Lakini akasema hesabu iko sawa. Mwenzetu mmoja akakataa: "Atuonyeshe mstari." Alipouonyesha, tukausoma kwa macho yetu: programu ilikuwa inakata kila kitu nyuma ya koma. Kilo 47,9 inakuwa 47. Kwa magunia 20, mlimaji anaweza kupoteza kilo 10 hivi. Tulipomaliza, tukatoa tena namba ya alama: ni ileile. Hakuna aliyeweza kusema tumeharibu. Mnunuzi mwenyewe akaita aliyeandika programu, mstari ukarekebishwa.

Sasa, ndugu, kama mizani ya kakao inastahili kusomwa, je, mashine ya kura?

Mashine hizo zilitoka kampuni Miru Systems ya Korea Kusini. Zilitumika nchini tarehe 30 Desemba 2018. Siku ile Beni na Butembo tulizuiwa kupiga kura, juu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Zilitufikia 31 Machi 2019, wakati rais alikuwa amekwisha kuapa tangu Januari. Mwaka 2023 mashine zikarudi, na Januari 2024 CENI yenyewe ikafuta kura za wagombea 82. Kati ya makosa iliyotaja kulikuwa kushika mashine za kura kinyume cha sheria. Kumbe kugusa, kuko watu waligusa! Sisi raia, hata kusoma hatujaruhusiwa.

Hatuombi kitu kipya. Kenya, baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, Mahakama ya Juu iliamuru tume ya uchaguzi ifungulie walalamikaji seva zake, kwa kusoma tu. Tume haikutii amri ile yote. Tarehe 1 Septemba majaji wakafuta uchaguzi wa rais, na kule kukataa kufungua kulihesabiwa dhidi ya tume. Uswisi, mwaka 2019, Posta ilitoa kode ya mfumo wake wa kura za intaneti ili watu waichunguze. Mwezi Machi watafiti wakakuta kasoro ambayo ingeweza kumruhusu mtu wa ndani abadilishe kura bila kuonekana. Hawakugusa kura hata moja. Walisoma.

Wengine watasema: mukifungua kode, wezi watajua mlango. Hapana. Fundi anajua kufuli lilivyotengenezwa, lakini bila ufunguo halifunguki. Funguo zibaki siri, kode isomwe. Wengine watasema: raia wa kijijini ataelewa nini? Zamani pengine lilikuwa swali. Leo kijana wa Mangina, na kompyuta moja na sola, anaweza kuuliza kwa Kiswahili au Kifaransa: kura inahesabiwa kwenye mstari gani? Akili bandia inaweza kudanganyika, tumeiona sisi wenyewe. Ndiyo maana yeye aonyeshe mstari, na mtu ausome. Jibu bila mstari ni uvumi.

Kwa hiyo, kabla ya uchaguzi ujao, tunaomba CENI mambo 3:

1. Kode yote ya mashine za kura na ya kujumlisha matokeo itolewe mapema, miezi si siku, ili raia yeyote aisome.

2. Namba ya alama ya kode hiyo itangazwe, na kila ofisi ya kura mashine ipimwe mbele ya mashahidi kabla ya kura ya kwanza. Kode nzuri kwenye intaneti haina faida kama ndani ya mashine kuko ingine.

3. Kasoro itakayoonyeshwa ijibiwe kwa maandishi, mstari kwa mstari.

Na ninyi vijana wa informatike mnaokaa bila kazi: msingoje. Anzeni na programu zinazowahesabia wazazi wetu kilo na deni. Ombeni kopi, fungeni, someni, rudisheni kama ilivyokuwa.

Anayekataa tuguse, tunamuelewa. Anayekataa tusome, atuambie anaficha nini.

Mwanamemba wa muvuma wa raia, Mangina