Gari Linagonga kwa Nyuma

Gari likigonga kwa nyuma, usikimbilie kununua springi. Sikiliza kwanza linagonga wakati gani.

Kabla ya yote, jaribu nati za magurudumu. Gurudumu likichomoka njiani, watu hufa. Kisha weka mawe makubwa kwenye magurudumu ya mbele. Breki ya mkono ya Land Rover za zamani hushika propela, haishiki magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki hiyo haizuii tena. Gari hubingirika, nawe uko chini yake.

Kama linagonga kwenye mashimo tu, shika shokapu uitikise. Ikicheza, mpira wake umekwisha. Huo ni wa bei ndogo. Angalia pia yubolti zinazofunga springi na ekseli. Ukiona chuma kinang'aa karibu na nati, zimelegea. Zikaze siku hiyo hiyo. Ukizembea, bolti ya katikati ya springi hukatika, ekseli husogea, na gari huenda upande kama kaa.

Kama linagonga unapoingiza gia au unapoachia mafuta, shuku krosi ya propela. Zima injini, toa gia, izungushe propela kwa mkono huku na huku. Krosi ikicheza, au ukiona vumbi jekundu la kutu hapo, usipakie abiria wala mgonjwa. Krosi ikivunjika, propela huanguka barabarani gari likiwa mwendoni.