Kabla ya Kufungua Akaunti

Wazazi wengi hapa Dakawa, wakishauza mpunga, hununua simu janja na kutuomba tuwafungulie WhatsApp. Tunawafungulia kwa sharti moja: ile namba ya tarakimu 6 inayotumwa kwenye simu yako usimpe yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni katibu wa msikiti.

Mama mmoja wa darsa letu aliitoa. Kabla ya Alasiri, wezi walikwishaomba michango ya mayatima kwa jina lake, na waumini wawili wakatuma. Fedha hazikurudi; naye, kwa kuona haya, akaacha kuja darsani.

Basi, ndugu zetu, wekeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya pili mnayoichagua wenyewe. Meseji za matapeli zitumeni kwenda 15040. Mtoto asiyetimiza miaka 13 asifunguliwe akaunti. Habari msiyoihakiki msiisambaze: Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuhakikisha, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yaadhibu uzushi.

Mwenye kustahiki kuona haya ni mwizi. Tulimfuata mama yetu nyumbani, akarejea. Leo ndiye anayewafundisha wenzake.