Minyoo ya ndoo si minyoo ya tumbo

Mama mmoja wa hapa Mpwapwa aliniletea watoto wake watatu akiomba dawa ya minyoo. Hakuna aliyekuwa anaumwa. Shida ilikuwa ndoo iliyo nyuma ya jiko lake, anamofuga nyungunyungu wa kutengeneza mboji. Jirani alimtisha kwamba watoto watajaa minyoo, na mumewe akataka ndoo imwagwe siku hiyo hiyo.

Leo naitetea ndoo hiyo. Neno "minyoo" tunalitumia kwa viumbe ambao hawana undugu. Nyungunyungu, huyu wavuvi wanayemtia kwenye ndoana, hula mabaki yanayooza na hupumua kwa ngozi. Hawezi kuishi ndani ya utumbo wa mtu. Minyoo ya tumbo tunaipata kwingine: mikono na mboga zenye mayai yaliyotoka kwenye kinyesi, nyama ya nguruwe isiyoiva, au mguu mtupu kwenye udongo uliochafuliwa, ambako mabuu ya safura hupenya ngozi. Choo bora na viatu vinawakinga watoto kuliko kumwaga ndoo.

Hata hivyo, jirani hakukosea kila kitu. Lundo la mboji la kawaida, likijengwa vizuri, hupata joto la nyuzi 55 au zaidi, na joto hilo likidumu siku kadhaa huua mayai ya minyoo. Ndoo ya nyungunyungu haipati joto hilo, na ikilipata nao wanakufa. Kwa hiyo usitie humo kinyesi cha mtu, nepi, wala uchafu wa mbwa, paka au nguruwe. Baadhi ya mayai hukaa kwenye udongo miaka na bado yakaambukiza. Samadi ya ng'ombe iliyokaa inafaa, ila kwetu wafugaji kuna jambo la kuuliza kwanza: mifugo imepewa dawa ya minyoo lini? Dawa kama ivermectin hutoka na kinyesi, na inaweza kuwadhuru nyungunyungu wako bila wewe kujua sababu.

Kwa nini daktari ahangaike na mboji? Kwa sababu maganda tunayotupa uani yanaita nzi na panya, na tukiyachoma pamoja na mifuko ya plastiki, moshi wake wanauvuta watoto. Tena udongo wetu umechoka. Mpwapwa ilikuwa kati ya maeneo ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973 kupambana na mmomonyoko. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni ya kubahatisha, mboga hupanda bei, na sahani hubaki na ugali na mlenda mkavu. Tuta dogo lenye mboji hushika maji muda mrefu zaidi, hivyo hata maji ya kuoshea mboga yanaweza kulikuza. Sisemi mchicha unatibu upungufu wa damu. Mwenye tatizo hilo anahitaji vipimo na vidonge. Lakini mboga ya uani inaliwa hata siku ambayo mfuko hauna kitu.

Ufugaji wenyewe si mgumu, adui ni jua. Nyungunyungu hupenda nyuzi 15 hadi 25, na zikizidi 35 hufa. Weka ndoo kivulini, ifunike kwa gunia bichi, toboa matundu chini na ubavuni. Tandika maboksi yaliyochanwa na kuloweshwa, unyevu uwe kama kitambaa kilichokamuliwa: ukikikandamiza kinatoa tone moja au mawili. Watafute kwenye samadi ya zamani baada ya mvua, si shambani. Wale wanaochimba chini sana hawastahimili ndoo. Wape maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na majani ya chai, kidogo kidogo, ukiyafukia. Nyama, mafuta, chumvi na ndimu waepushe navyo. Ndoo ikinuka, umewalisha kupita kiasi au maji yamezidi. Punguza chakula, ongeza maboksi makavu.

Wengi huweka miguu ya meza ya ndoo kwenye makopo ya maji kuzuia siafu. Hapo tunajitafutia mbu. Badilisha maji hayo kila baada ya siku tatu, au tumia majivu.

Ningependa maofisa afya na mabwana shamba wa kata waelewane kabla ya kupita majumbani, mmoja asifundishe ufugaji na mwingine akaamuru ndoo imwagwe. Maji yanayochuruzika chini ya ndoo yamwagieni shinani, si kwenye majani ya kachumbari. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kuigusa mboji, na mwenye kidonda avae glovu, kwani vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo wowote. Asiyekumbuka mara ya mwisho alichanjwa lini, aulize kituo cha afya kilicho karibu naye.