Shilingi Hamsini na Kura Moja



Kila Ramadhani ikikaribia simu zetu hujaa mabango. Chuo hiki kinapeleka vyakula kijiji fulani, chama kile kinakwenda kufuturisha mayatima. Ni kheri, na Mwenyezi Mungu awalipe wote wanaojitolea. Lakini hebu tuulizane: Idi ikishapita, nani hurudi? Yule kijana aliyepigwa picha akipokea pakiti ya unga, siku atakapopata barua ya chuo na nyumbani hakuna karo, atampigia nani simu?

Kuna wanafunzi walioamua kulijibu swali hili, tena kwa miaka mingi. Wako Kanada, lakini wengi kati ya wale wanaowasaidia wametoka hapa kwetu, kambi za Dadaab kule Garissa na Kakuma kule Turkana.

Mpango wenyewe ulianza mwaka 1978 chini ya shirika la World University Service of Canada, WUSC kwa kifupi. Wanafunzi wa chuo wanaunda kamati yao. Kamati inapeleka hoja kwa wenzao: tukubali kila mwanafunzi aongezewe dola chache kwenye ada yake ya mwaka, ili tumlete mkimbizi mmoja asome nasi hapa. Kisha inapigwa kura ya chuo kizima. Hoja ikipita, pesa zinakatwa pamoja na ada nyingine, iwe mvua iwe jua, na vyuo vingi huongezea kwa kumsamehe mgeni karo. Tangu mwaka huo vijana zaidi ya 2,000 wamepita njia hii, na wanaingia Kanada wakiwa na ukaazi wa kudumu.

Sasa mtazame kijana wa Dadaab. Kambi zile zilianza 1991 Somalia ilipovunjika, kwa hivyo wako waliozaliwa hapo, wakasoma hapo na kufanya KCSE ileile uliyoifanya wewe. Anaweza kupasua mtihani vizuri kukushinda. Lakini yeye si raia, kwa hivyo mkopo wa HELB hapati. Kutoka kambini lazima awe na kibali. Cheti anacho, mlango hana. Akichaguliwa kwenye mpango huu, anaandaliwa kwanza na Windle International Kenya: masomo ya Kiingereza, kompyuta na jinsi ya kuishi ugenini. Halafu anapanda ndege.

Akifika, wanaompokea uwanjani ni wanafunzi wa rika lake, si afisa wa serikali. Wanampeleka kununua koti zito, wanamfungulia akaunti ya benki, wanamfundisha kupanda basi. Akiwa Muislamu, watamtafutia msikiti ulipo na duka la nyama ya halali. Hawa hawalipwi, na wana mitihani yao. Lakini kila mmoja ana zamu yake, na wakihitimu wanaachia kamati mpya kazi iendelee. Wako waliokuja kama wageni, mwaka uliofuata wakawa wao ndio wanaopokea wageni.

Hatusemi mpango huu umemaliza shida. Wakimbizi wa Dadaab ni laki kadhaa, na wanaopata nafasi kwa mwaka ni wachache sana. Tena kwa muda mrefu wavulana ndio waliokuwa wengi, kwa sababu wasichana wa kambini hubebeshwa kazi za nyumbani, huozwa mapema, na alama zao zinashuka. Wahusika hawakukaa kulalamika. Mwaka 2013 WUSC na Windle walianzisha mradi wa kuwasomesha wasichana wa Dadaab na Kakuma masomo ya ziada wikendi na wakati wa likizo, ili nao wafikie alama zinazotakiwa. Mtu anayerudi kila mwaka ndiye huona pengo kama hilo. Anayekuja siku moja na kamera atalionaje?

Ndugu yangu, dada yangu, hapa ndipo panapotuhusu. Wengi wetu tunadhani kujitolea ni hisia: roho ikiguswa natoa, isipoguswa natulia. Wale wenzetu wametoa hisia kwenye hesabu. Mwenye huruma na asiyekuwa nayo wote wanachangia, kwa sababu chuo kilipiga kura. Na sisi dini yetu inatufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Tunalijua hili tangu madrasa. Mbona basi misaada yetu karibu yote ni ya siku moja?

Utasema, “Sisi wenyewe hatuna.” Ni kweli hali ni ngumu. Mfumo wa kufadhili vyuo ulioanza 2023 umewaacha wazazi wengi wakikuna kichwa, na malalamiko hayajaisha. Lakini tufanye hesabu. Chukua chuo chenye wanafunzi 10,000. Kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa muhula, mihula miwili kwa mwaka, hiyo ni milioni moja. Hamsini ni chai na mahamri. Hata kama ni chama cha wanafunzi Waislamu pekee chenye watu 400, kwa mwaka ni shilingi 40,000. Haitasomesha kumi, lakini inaweza kumzuia mmoja asirudi nyumbani kwa sababu ya karo.

Kutoa ni moyo, wahenga walisema, lakini moyo peke yake haulipi karo. Kuna mambo matatu ya kufanya.

La kwanza, pelekeni hoja kwenye kamukunji ijayo na ipigiwe kura. Msiifanye ya kuombana kwenye makundi ya WhatsApp. Mchango wa kuombana hufa wiki ya pili.

La pili, linda pesa. Sote tunajua vyama vya wanafunzi vinavyosemwa. Akaunti iwe na watia saini wasiogombea vyeo, na hesabu zibandikwe ubaoni kila mwisho wa muhula, hadi shilingi ya mwisho. Pesa zikiliwa mara moja tu, hakuna atakayewaamini tena kwa miaka kumi.

La tatu, atakayesaidiwa achaguliwe na watu wanaomjua hali yake: mwalimu wake, imamu, mzee wa mtaa. Na picha yake isitumwe popote. Mtakutana naye darasani, na mwenzako wa darasani hupaswi kumfanya bango.

Viongozi wapya wa wanafunzi huja na manifesto ndefu za intaneti na chakula cha mesi. Safari hii, kabla hujampa mtu kura yako, msimamishe umuulize: mchango wa wenzetu wasio na karo utauanzisha lini, na wewe ukiondoka utamwachia nani? Akikosa jibu, muulize anayemfuata.