Dhamana ya Mtoto wa Kulelewa

Mwezi wa Januari mwaka 1945, katika shamba moja la jimbo la Shropshire huko Uingereza, alifariki Dennis O'Neill, mtoto wa miaka 12 ambaye halmashauri ya mji wa Newport ilimkabidhi kwa walezi wa kambo, akafa kwa njaa na kipigo, ilhali maafisa waliopaswa kumzuru walikuwa wametegeana. Raia walighadhibika, Kamati ya Bibi Myra Curtis, iliyochunguza malezi ya watoto wasio na makwao, ikatoa ripoti yake mwaka 1946, na sheria ya mwaka 1948 ikazilazimisha halmashauri kuajiri maafisa maalumu wa watoto.

Sheria ile ilikuwa njema, wala hatuna shaka na nia ya walioitunga. Walakini mwezi wa Februari mwaka 2000, mjini London, binti wa miaka 8 kutoka Ivory Coast, Victoria Climbié, aliuawa na jamaa aliyeaminiwa na wazazi wake kumlea, baada ya kuonwa na madaktari, polisi na maafisa wa ustawi wa jamii, ambao kila mmoja alidhani mwenziwe ndiye mwenye dhima.

Kwa rai yetu, taksiri haikuwa ya sheria. Ilikuwa ni kukosekana mtu mmoja, mwenye wasaa na ujasiri, wa kuingia nyumbani, kuketi na mtoto faraghani na kumsikiliza. Serikali ya Uingereza na iwapunguzie maafisa wa ustawi wa jamii mzigo wa mafaili, ili wapate nafasi ya kubisha hodi.