VIJANA WA KANISANI: ALIYEJIBIWA ANAPEWA MAIKI, ANAYESUBIRI ANAAMBIWA ANA PEPO

Jumapili, saa nne na nusu asubuhi, kanisa lolote la kiroho pale Dar. Sifa zimepigwa mpaka watu wameloa jasho, mpiga kinanda bado anagusagusa polepole kwa chini. Mchungaji anauliza, "Nani ana ushuhuda?" Mikono juu! Wa kwanza kapata kazi bandarini. Wa pili kavishwa pete. Wa tatu viza yake imetoka baada ya kunyimwa mara mbili. Kila akishuka mmoja, kanisa zima linalipuka kwa vigelegele.

Sasa geuza macho upande wa kwaya, mstari wa nyuma. Kuna dada pale kavaa sare, anapiga makofi kama wenzake. Ana miaka 28. Hajaolewa, kazi ni ya kuunga unga, na hili kesha la juzi lilikuwa la ngapi mwaka huu hata hakumbuki. Hakuna atakayemwita mbele. Na akiitwa atasema nini? Kwamba ameomba na bado?

Huyo dada kila kanisa linaye, na makanisa mengine yana benchi zima la watu kama yeye.

Ukweli mchungu ni kwamba hapo ndo ilipo ishu kubwa ya kiroho ya vijana wa kanisani kwa sasa, na siyo ile inayohubiriwa kila siku. Kila kongamano la vijana mada ni zilezile: uzinzi, pombe, mavazi, simu. Ni mambo ya kweli, hakuna anayebisha. Ila kijana anayepotea kanisani kimya kimya, mara nyingi hakufuata bata. Amechoka kusubiri kwenye nyumba ambayo haina nafasi ya mtu anayesubiri.

Wengi wao waliokoka shuleni, kwenye UKWATA au CASFETA, wengine wamelelewa TYCS. Kule imani ilikuwa na ratiba. Unaombea mtihani, mtihani una tarehe, na matokeo ya NECTA lazima yatoke. Ukifaulu unashukuru, ukifeli unalia na marafiki zako, maisha yanaenda. Halafu shule ikaisha, mtu akaingia mtaani. Kumbe mtaani maombi hayana tarehe ya matokeo! Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, vyeti vimesambazwa ofisi ishirini, na simu inayoita ni ya mama tu anauliza kama umekula.

Mtu akiwa kwenye hali hiyo anahitaji kanisa kuliko wakati wowote. Anachokutana nacho ni swali moja: kwa nini wewe hujajibiwa? Na majibu yameshaandaliwa.

Jibu la kwanza, imani yako ndogo. Basi kijana anajilaumu, anafunga siku tatu, saba, ishirini na moja, na asipoona kitu anajiona yeye ndo mbovu.

Jibu la pili, hujapanda mbegu. Hapa lipa namba inaandikwa kwenye skrini kubwa na elfu hamsini ya kula wiki mbili inaondoka kwa dakika moja. Na tuwe wakweli, vijana wenyewe siyo malaika kwenye hili. Wapo wanaomfanya Mungu kama mkeka. Wanaweka sadaka kama wanavyoweka dau, halafu wanakaa kusubiri odi kubwa. Mkeka ukichanika wanahamia kwa nabii mwingine kama wanavyohama kampuni ya kubeti. Ila nani aliwafundisha kuhesabu hivyo? Mtu akiambiwa kila wiki kwamba aliyetoa kapata, atajua mwenyewe kwamba asiyepata hajatoa vya kutosha.

Jibu la tatu ndo baya kuliko yote: ukoo. Chukua kijana wa boda ya mkataba. Pikipiki imeshachukuliwa na mwenyewe mara mbili kwa sababu ya kuchelewesha hesabu. Anaenda kwa nabii, anaambiwa kuna bibi mzee kijijini kakalia nyota yake. Sasa nani Tanzania hii hana bibi mzee kijijini? Kijana anatoka pale kichwani ana jina moja tu, la bibi aliyemlea toka ana miaka minne, aliyeuza mahindi yake ili mjukuu apate sare na madaftari. Kuanzia siku hiyo simu ya bibi haipokelewi. Krismasi haendi. Bibi anauliza majirani, "Mjukuu wangu nimemkosea nini?" Hajui kwamba kesi yake ilisikilizwa Dar es Salaam, hukumu ikatoka, na yeye hakuitwa.

Hili siyo jambo la kuchekea. Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kisa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Anayetamka madhabahuni kwamba fulani analogwa na bibi yake hajui neno hilo litafika kijiji gani, na litamkuta nani ameshika panga.

Na anayedhani njia za mkato haziui akumbuke Moshi. Februari 1, 2020, kwenye uwanja wa Majengo, watu 20 walifariki kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Kabla ya hapo, mwaka 2011, foleni ya magari ilienda kilomita kwa kilomita kuelekea Samunge, Loliondo, watu wakifuata kikombe cha shilingi 500. Ni rahisi sana kukaa na bando lako na kuwaita watu hao wajinga. Wengi walikuwa watu wenye shida za kweli, wamechoka. Mtu akiambiwa miaka yote kwamba kusubiri ni dalili ya laana, siku akioneshwa njia ya mkato ataikimbilia hata kama mlango ni mmoja na watu ni elfu.

Kuna watakaosema shuhuda zinajenga imani. Ni kweli zinajenga. Aliyepata kazi ana haki ya kushukuru na watu wana haki ya kufurahi naye. Tena kanisa limewafanyia vijana wa mjini makubwa: wengi wamejifunza gitaa, kuongea mbele za watu, na kukaa mbali na makundi mabaya kwa sababu ya kwaya na fellowshipu. Wapo pia wachungaji wanaolipa kodi za vijana wao kimya kimya bila kupiga picha. Hao wapewe maua yao.

Ishu ni kwamba kanisa likisikia shuhuda za ushindi peke yake, wanaosubiri wanajifunza kuongopa. Unamuuliza mtu, "Vipi mtumishi?" Anajibu, "Bwana ni mwema, mambo ni moto!" Kumbe kalala njaa. Kwenye stetasi kaweka mstari wa Biblia na picha ya suti ya kuazima. Mtu anajifunza kuigiza mbele ya watu aliokuja kuomba nao, na akizoea sana anaanza kuigiza hata akiwa peke yake chumbani amepiga magoti. Hapo imani imebaki jina.

Cha ajabu, Biblia wanayoishika kila Jumapili haina aibu hiyo. Ayubu alipokaa majivuni, rafiki zake walikuja na maelezo yao kwamba lazima kuna dhambi ameficha. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wenye maelezo, siyo Ayubu aliyelalamika. Yohana Mbatizaji akiwa gerezani alituma watu wakamuulize Yesu kama kweli ndiye, na hakuna aliyemwita aliyerudi nyuma. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na inaishia gizani, na ipo humohumo ndani. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondoke, haukuondoka. Angekuja leo na ule mwiba kwenye baadhi ya makanisa ya mjini, angetoka na chupa ya mafuta na deni.

Suluhisho wala halihitaji semina ya hotelini. Ibada ya vijana ya Jumamosi itengewe nusu saa tu ya wanaosubiri. Mtu asimame aseme, "Nimeomba kazi miaka mitatu, bado," akae, na watu waseme amina kwa sauti ileile waliyomwambia aliyepata. Asiulizwe amekosea wapi. Asiombewe pepo ambalo hajasema analo.

Hilo neno "bado" likisikika, mengine yanakuwa mepesi. Aliyekaa benchi la mbele huenda anajua ofisi inayotafuta mtu. Wanaoaminiana wanaweza kuanzisha kikundi, wakasajili, wakafuatilia ile mikopo ya halmashauri, ambayo kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani vijana wametengewa asilimia nne. Asiyelala usiku na anayewaza kufa atajulikana mapema, apelekwe hospitali akaonane na daktari huku maombi yakiendelea. Na yule wa boda atapata mtu mzima wa kumwambia, "Mdogo wangu, tatizo lako ni mkataba mbovu, siyo bibi yako. Mpigie simu."

Wachungaji nao wapumzike kidogo. Siyo kila swali lazima wawe na jibu lake. Mchungaji akisema mbele ya vijana "hapa hata mimi sijui, ila nitakaa na wewe," hatapoteza waumini. Atakaowapoteza ni wale waliokuja kubeti.

Turudi kwa yule dada wa kwaya. Jumapili ijayo atakuwepo tena, sare imenyooshwa, tabasamu liko mahali pake. Mchungaji atauliza nani ana ushuhuda na yeye atashusha macho kama kawaida. Ila dada huyo ameomba miaka sita bila kujibiwa na bado kesho yake anakuja mazoezini. Kama kuna mtu mwenye cha kuliambia kanisa kuhusu imani, ni yeye. Mpeni maiki.

Na wewe mdau, kanisani kwenu anayesubiri anaruhusiwa kusema "bado", au naye anaigiza tu? Tiririka hapo chini, ila majina ya watu na makanisa yao yaache.