Kozi ya Excel: mahindi kwanza, cheti baadaye

SUMBAWANGA: Wafanyabiashara wa nafaka wa Kizwite wanaotaka kujifunza lahajedwali kwa njia ya intaneti wasichague kozi kwa uzuri wa cheti. Wajiulize kwanza: je, itawawezesha kukokotoa faida ya gunia moja?

Faida hiyo si tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza tu. Kuna gunia tupu, vibarua, ushuru, usafiri hadi Tunduma na mahindi yanayoliwa na dumuzi ghalani. Anayejumlisha yote hayo kichwani anaweza kuuza kwa hasara akidhani amepata.

Kozi inayofaa, basi, haina budi kumpa mwanafunzi mazoezi tangu somo la kwanza, si video za kutazama tu. Masomo yawe ya kupakua, kwani kifurushi cha intaneti nacho ni gharama. Tena yalingane na programu iliyomo katika kompyuta yake.

Microsoft hutoa mafunzo ya Excel bure, na LibreOffice Calc haina malipo. Ni vema aanzie hapo, kwa hesabu zake za msimu uliopita. Atakapokwama ndipo atakapojua kozi ipi ya kulipia.